Joto la chumba la nani?

Ndugu Mhariri,

Jirani yangu kakata ule ukurasa wenu wa mapishi, kaniletea nyumbani. "Shoga, nifundishie mwanangu hii." Ilikuwa keki ya bata krimu, ile krimu ya siagi na sukari ya kupambia. Sikufika mbali. Mstari wa kwanza tu unasema: siagi kikombe kimoja, iliyolainika kwa joto la chumba. Joto la chumba la nani, Mhariri?

Mimi napamba keki nyumbani kwangu Ngamiani, hapa Tanga. Chumba ninachofanyia kazi kina feni moja na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Mwezi wa pili, saa nane, kipimajoto changu cha ukutani kinasoma nyuzi 32, na kwenye nyuzi hizo siagi hailainiki, inaaga. Walioanza kuandika maneno hayo walikuwa nchi za baridi, chumba chao nyuzi 20 au pungufu, siagi yao ngumu kama sabuni ya mche, ndiyo maana wakaiacha mezani. Mimi naitoa kwenye friji, naikata vipande vidogo, nasubiri dakika kumi. Nikibonyeza kishimo kibaki, lakini kidole kisitoke kinang'aa mafuta. Hapo nawasha mashine, na naipiga yenyewe mpaka iwe nyeupe ndipo sukari iingie. Kama mwandishi wenu anaishi Lushoto basi nimemsamehe, kule chumba ni chumba kweli.

Halafu hilo neno siagi. Mtume mtoto duka la mtaani akanunue siagi, atarudi na kopo la majarini ya kupaka mkate, wala hajakosea, sote tunaiita siagi. Ya maziwa ni kitu kingine: kwa viwango vya kimataifa mafuta ya maziwa yasipungue asilimia 80, maji yasizidi 16. Majarini nyingi za kupaka maji yake ni zaidi ya hapo, na zimetengenezwa zipakike kirahisi hata zikitoka kwenye baridi. Kitu kilichotengenezwa kipakike, wewe unataka kisimame kama waridi?

Mimi kiliniumbua. Ilikuwa keki ya sendofu, ngazi tatu, waridi za pinki kuanzia juu mpaka chini, na krimu yote ya majarini ya kopo, maana resipi niliyokuwa nayo ilisema siagi kama ninyi mlivyosema. Usiku zilisimama vizuri, nikapiga na picha. Mchana tukapanda bajaji kwenda Raskazone, keki nimeipakata. Kufika, waridi za upande wa kushoto, upande wa jua, zote zilikuwa zimeteremka hadi kwenye ubao, zimekokota na krimu ya ukutani. Shangazi wa bibi harusi aliizunguka keki, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, ndiyo fasheni?" Angenitukana ningekuwa nimeshasahau.

Siku hizi msimu wa joto napima siagi ya maziwa gramu 200, mafuta meupe ya mgando ya kupikia gramu 100, sukari ya aisingi, ile laini kama unga, gramu 600, maziwa kijiko kimoja au viwili, na chumvi ya kubana kwa vidole. Yale mafuta hayayeyuki upesi kama siagi, ndiyo yanayobeba maua. Ladha inapungua, sikatai, ulimi unabaki na utando kidogo. Julai ikifika nayaacha. Sukari naichekecha mara mbili, maana donge moja likikwama kwenye mdomo wa nozeli, ile ncha ya mfuko wa kukamulia krimu, ua linatoka limepinda, na ukilazimisha mfuko unapasuka. Wapo wanaosaga sukari ya kawaida kwenye blenda. Krimu yao ukiila ni kama umeangusha andazi ufukweni.

Na mkono nao ni jiko. Ukikamua nusu saa, krimu iliyo kiganjani imeshakuwa uji na ya juu bado ngumu. Najaza mfuko chini ya nusu, na kila mara nina miwili, mmoja mkononi, mwenzake kwenye friji. Ua la nozeli ya nyota unasimamisha mfuko wima, unaanza katikati, unazungusha mara moja, unaacha kukamua, ndipo unainua. Wanaoanza wote wanainua huku bado wanakamua, ua linatoka na mkia.

Ninachowaomba si kikubwa. Mkiandika siagi, semeni ya maziwa au majarini. Andikeni gramu, kwa sababu kikombe changu cha chai na kikombe cha jirani yangu si ndugu. Na hilo joto la chumba mlifute, au mtuambie ni nyuzi ngapi, kila mtu aangalie chumba chake.

Binti wa jirani anakuja Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla bati halijapata moto. Siagi nimemwambia aje nayo mwenyewe. Nimemwandikia kwenye karatasi ni ipi, aionyeshe dukani.

Mama Keki,
Ngamiani, Tanga