Mhariri, anime sio mapanga tu

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Ukerewe. Gazeti lenu huku linakuja na kivuko, mara nyingi ni la jana, na likishafika linasomwa na watu kama kumi hivi kabla halijafungia maandazi, kwahiyo msidhani mna wasomaji wachache. Naandika kuhusu ule ukurasa wa burudani wa wikiendi ambao siku hizi mmeanza kupendekeza anime, yaani katuni za Kijapani, jambo zuri na nawapa tano, ila nimehesabu wiki nne mfululizo zote ni za watu kukatana mapanga, huyu ana jini tumboni, yule kakatwa mkono ukaota tena, mpaka mzee mmoja jirani yangu ninayemsomeaga gazeti akaniuliza, hivi hawa Wajapani hawanaga siku wanakaa tu nyumbani?

Wanazo, na wametengeneza sizoni kibao kuhusu hizo siku za kukaa tu. Ni vichekesho. Hamna adui, hamna mwisho wa dunia, kuna mtu kaenda dukani kakuta mkate umeisha na hiyo ndo stori yenyewe dakika ishirini, na unacheka mpaka mbavu zinauma. Nyie hizo hamziandiki kabisa sijui kwanini.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Temeke, huu mwaka wa tatu nipo huku. Siku ya kwanza nimeshuka Rugezi na godoro na ndoo ya vyombo, bodaboda akaliangalia godoro, akaniangalia mimi, akasema ticha hapa ni safari mbili. Nyumba niliyopewa watoto walishaigeuza uwanja wa kuchezea, kulikuwa na vizibo vya soda na gurudumu la baiskeli mpaka chumbani, na wiki mbili za mwanzo waliendelea kuingia tu kama kwao, hodi hamna, naamka nakuta mtu kakaa kwenye kiti changu anakula muwa. Sasa likizo ya Desemba nikamwambia binamu yangu anijazie flashi, aniweke zile za Kikorea za mapenzi, yeye akachanganya akaweka folda inaitwa Barakamon, kumbe ni anime. Nimefungua usiku umeme umekatika leptopu ina asilimia 40, nikasema nachek dakika tano nalala.

Kuna kijana wa miaka 23 anaitwa Handa, kazi yake kuandika kwa brashi na wino, ile sanaa ya mwandiko ya Kijapani ambayo kumbe mtu anaweza kula nayo (nikiwaambia darasa la pili wangu hawataamini). Kwenye maonyesho mzee msimamizi wa ukumbi, mzee wa watu anatembelea mkongojo, akamwambia mwandiko wako umenyooka kama wa kitabu cha kufundishia, hauna ladha. Handa akamtandika ngumi. Mzee wa mkongojo! Baba yake akaona huyu akatulie mbali kidogo, akampeleka visiwa vya Goto, mkoa wa Nagasaki, huko magharibi mwa Japani. Anatoka uwanja wa ndege na umjini wake anatafuta teksi, teksi hamna, basi hamna, anakuja kuokolewa na mzee mwenye trekta, na trekta lenyewe linakwenda kama linasindikiza harusi. Hapo nikasimamisha video nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta, maana nililiona kabisa godoro langu juu ya lile trekta.

Anafika nyumba aliyopangishiwa anakuta tayari ina mwenyewe, katoto ka darasa la kwanza kanaitwa Naru, ile nyumba ilikuwa maficho yake na wenzake na hana mpango wowote wa kuhama. Wanakijiji wote wanamwita Handa Sensei, maana yake ndo hiyohiyo ticha, na wanaingia muda wowote, huyu kaleta mboga, huyu kaja kumchungulia tu mgeni anafananaje. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji ndo anamletea chakula kinachopikwa na mama yake, sababu Sensei mwenyewe kupika hajui. Mimi huku kuna mama ananiletea sato wa kukaanga kila Ijumaa na sijawahi kumuomba, na bakuli lake silirudishi tupu kwasababu nilishaambiwa pembeni kwamba mwalimu aliyepita alikuwa analirudisha tupu, na mpaka leo anasemwa.

Kuna sehemu siku hiyohiyo ya kwanza, Naru anaangalia mwandiko wa Handa anasema ni kama wa mwalimu, kafanya kama anasifia vile, jamaa anapandisha hasira anamfokea mtoto kama alivyomfanyia yule mzee. Alafu baadae wanafika kwenye ukuta mrefu wa zege kando ya bahari. Naru anapanda. Anamwambia usipopanda hutaona. Handa mtu mzima anaparamia ule ukuta na nguo zake safi, anahangaika na kiatu, anafika juu, na hakuna kitu cha ajabu kule juu zaidi ya jua linazama baharini. Basi. Usiku anarudi anaandika herufi moja kubwa, wino unaruka mpaka ukutani, herufi ya raha. Mimi leptopu ikazima hapohapo, asilimia 40 zimeisha, nikakaa gizani.

Na ile ya mochi ndo usiseme. Mochi ni vitu vyeupe kama vitumbua, vya mchele uliotwangwa, sasa kwenye shughuli yao moja watu wanazitupa juu na kijiji kizima kinagombania, picha ileile ya mahafali ya awali wakirusha pipi na wazazi wanasahau kama ni wazazi. Handa hapati hata moja. Na alikuwa ametoka kusikia kwamba kwenye mashindano kapigwa na dogo wa miaka 18, kwahiyo moyo upo chini. Bibi mmoja kizee, Yasuba, mfuko umejaa, anamwambia wewe unaangalia juu tu, zingine zinadondoka chini, inama. Na kama mwenzio anaing'ang'ania ileile unayoitaka, mwambie tangulia wewe, alafu tafuta kubwa zaidi. Inasemwa na bibi huku anaendelea kuokota, hata hamuangalii usoni. Nimerudia kipande hicho sijui mara ngapi.

Kilichonivutia kingine, watoto wa mle sauti zimeigizwa na watoto kweli, Naru kaigizwa na Suzuko Hara, wakati huo bado mtoto, sio mtu mzima anabana pua, na unasikia tofauti pale anapocheka. Na wanaongea lahaja ya kwao Goto, hata jina Barakamon ni neno la hukohuko, ni mtu mchangamfu. Aliyeitunga na kuichora kwenye kitabu, Satsuki Yoshino, ni mtu wa visiwa hivyohivyo, ndo maana hakosei kitu kidogo kama namna wazee wanavyokaa kibarazani. Shida ni sabutaito za Kiingereza, zinapiga pasi kila kitu, bibi wa kijijini anaongea kama mtangazaji wa redio. Natamani wale jamaa wanaotafsirigi muvi kwa Kiswahili huko kwenye vibanda umiza siku moja wapewe hii, yule bibi aongee kama bibi wa Kojani na Naru aongee kama watoto wa kwetu, ingekuwa balaa. Ipo tangu 2014, vipande 12 tu, unamaliza wikiendi moja ukiwa na sola.

Baada ya hiyo nikawa nimenogewa, binamu nikamrudishia flashi ajaze tena. Non Non Biyori ya 2013 ni ya shamba kabisakabisa, shule nzima ina wanafunzi watano, wanakaa chumba kimoja, wa darasa la kwanza mpaka yule mkubwa wa darasa la tisa ambaye haongei, haongei kabisa yaani, na mwalimu wao analala mbele ya darasa. Watano! Mimi nina 94 na madawati nikihesabu vizuri yanatosha nusu, kwahiyo kipande cha kwanza nilikiangalia kwa wivu sikucheka hata. Ila kadogo kao kanaitwa Renge, anauliza kwa mshangao hivi kwetu ni shamba? wakati basi linapita kila baada ya masaa mawili, na wenzake wanaanza kumjibu kwa kujikaza. Onyo tu, inaenda polepole mno, ukiwa na haraka utaiona kama maji ya mtungi.

Nichijou ya 2011 ni kinyume chake, hiyo ni vurugu. Kichekesho chake ni kuchukua kitu kidogo cha kijinga na kukipa ukubwa wa vita ya dunia. Kuna msichana anaitwa Yuuko, anakula chakula cha mchana darasani, kipande cha soseji kinamponyoka, na pale dunia inasimama, kinapanda juu kinazunguka kwa slomosheni, anaruka kama golikipa wa penati ya mwisho, muziki mkubwa, majasho, kwa ajili ya soseji. Siku nyingine anaenda mgahawa wa kahawa hajui majina, anataka aonekane mjanja anaagiza espresso, anapewa kikombe cha saizi ya kizibo, anajua wamemuibia. Na mkuu wa shule anapigana mieleka na kulungu. Sitaelezea. Waliochora hiyo ni Kyoto Animation, studio ambayo Julai 2019 mtu aliichoma moto wakafa 36, na kila ile soseji ikipaa nakumbuka kuna mtu alikaa mezani akaichora mkunjo kwa mkunjo.

Ile ya wasichana wa bendi wanaokunywa chai badala ya kufanya mazoezi, K-On!, ambayo watu wote wanaisifia, mimi nilisinzia kipande cha nne. Mtanisamehe.

Sasa kwanini nawaandikia nyie na sio kuposti tu kwenye status. Mama wa hivi vichekesho vyote ni gazeti. Mwaka 1946 huko Fukuoka, nchi imetoka kupigwa vita haina kitu, dada mmoja anaitwa Machiko Hasegawa akaanza kuchora kwenye gazeti la pale kibonzo cha picha nne tu, mwanamke anaitwa Sazae na familia yake, mara kasahau viatu, mara kagombana na mdogo wake. Kikaja kuhamia Asahi, gazeti kubwa la taifa, mpaka 1974. Oktoba 1969 kikaingia kwenye TV na hakijatoka mpaka leo, kila Jumapili saa 12 na nusu jioni, kitabu cha rekodi cha Guinness kimekiandika kuwa ndo katuni ya TV iliyodumu kuliko zote duniani. Humo ndani hakuna anayekua, mdogo wake Sazae anaitwa Katsuo yupo darasa la tano tangu 1969 (nina mmoja huku anamfukuzia). Na Wajapani wana ugonjwa wameupa jina la Sazae, ule unyonge unaokuja Jumapili jioni muziki wake ukipigwa, mtu anakumbuka kesho Jumatatu kuna kazi. Walimu wenzangu huo ugonjwa mnaujua, sema sisi hatuna muziki.

Na sisi tulikuwa na vyetu. Babu zetu walikuwa na kibonzo cha Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, mchoraji Christian Gregory, mtu ananunua gazeti anaanza na Chakubanga ndo arudi habari za Serikali. Baba yangu alikuwa na rundo la magazeti ya vibonzo ya Sani chini ya kitanda, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa na Madenge, mimi kusoma nimejulia humo, mama asisikie. Ilikuwa ni maisha ya kawaida tu, mtu anakwepa mdai, mtoto mtundu kamtia baba yake aibu mbele ya mgeni, ni vilevile kama hao wa Goto. Kwahiyo ombi langu ni mawili, kwenye ukurasa wa wikiendi wekeni hizi nilizotaja hata kwa mistari mitatu, wazazi wengi wanakataza watoto anime zote kwasababu wanayoijua ni ya damu, alafu ile nafasi ya chini kulia mnayowekaga tangazo la waganga, mtafuteni kijana mmoja anayejua kuchora mumpe picha nne kila siku. Nne tu.

Niliwahi kuwaelezea darasa la nne kwamba kwenye familia ya Sazae majina yote ni ya baharini, Sazae ni konokono wa bahari, Katsuo ni jamii ya jodari, Wakame ni mwani, hata mzee wa nyumba jina lake lina wimbi ndani na mkewe ni mtumbwi. Nilikosea. Kesho yake nimeingia darasani nimekuta orodha ubaoni, kuna Sangara, kuna Dagaa mapacha wawili, monita ni Sato, na mimi nimeandikwa juu kabisa Ticha Kamongo. Nikauliza kwanini Kamongo, wakasema kwasababu ukikauka unajifukia ndani hutoki mpaka mvua inyeshe.

Nilikuwa naangalia Nichijou.

Wenu,
Ticha Kamongo, Ukerewe