Mkaja haufungi pengo la tumbo la mzazi

Ndugu Mhariri,

Pita Kariakoo siku yoyote utaona mikanda ya tumbo imening'inizwa mlangoni, duka baada ya duka, na muuzaji atakuapia kwamba mzazi akijifunga siku arobaini tumbo litarudi kama la msichana. Nyumbani nako bibi na mashangazi wana mkaja wao na ndoo ya maji ya moto. Kwenye simu wapo vijana wa jimu wanaomtaka mama wa wiki tatu alale chali na kuinuka mara mia kwa siku. Wote wana nia njema. Ila kila mmoja anatibu tumbo bila kujua ndani limejengwaje, na hilo ndilo tunaloomba nafasi tulieleze.

Ukuta wa mbele wa tumbo una misuli mikubwa minne kila upande. Mitatu ni mipana na imelaliana: obliki ya nje, obliki ya ndani, na transvasi iliyo ndani kabisa. Nyuzi za obliki ya nje zinashuka zikielekea mbele, sawa na vidole vyako unapotia mikono mifukoni. Za obliki ya ndani zinapanda kinyume chake, na za transvasi zinakwenda kimlalo kuzunguka kiuno. Ni ufundi ule ule wa plaiwudi: kila tabaka nyuzi zake zinakatiza za mwenzake, ndiyo maana ukuta mwembamba hivyo unahimili kikohozi, chafya na kubeba mzigo. Msuli wa nne ni rektasi, ukanda wa nyama uliosimama wima pembeni mwa kitovu, mmoja kulia na mmoja kushoto, kutoka mfupa wa kinena hadi kwenye gegedu za mbavu ya tano, ya sita na ya saba. Huo ndio unaoonekana vipande vipande kwa wanamichezo. Vipande hivyo vinatokana na kano zinazoukata kwa kukingama, kwa kawaida tatu kila upande, na idadi yake mtu anazaliwa nayo. Hakuna jimu inayoongeza.

Misuli mitatu mipana haifiki katikati ya tumbo ikiwa nyama. Ikikaribia rektasi inageuka utando mweupe mgumu, unaoifunika rektasi kama ala, kisha utando wa kulia na wa kushoto unakutana na kusukana katikati. Mshono huo, kutoka ncha ya mfupa wa kidari hadi kinena, unaitwa linea alba. Hauna nyama, karibu wote ni kolajeni, yaani nyuzi ngumu za protini, kwa hiyo wenyewe haujikazi. Unakazwa na misuli iliyoshikana nao. Mjamzito anajua ulipo bila kufundishwa, kwa sababu ule mstari mweusi unaojitokeza tumboni unapita juu yake, ingawa weusi wenyewe ni wa ngozi tu.

Mimba inapokua, linea alba inatanuka na kuwa nyembamba, na rektasi mbili zinaachana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanawake 300 wa Norwei waliokuwa na mimba ya kwanza. Wiki 6 baada ya kujifungua, asilimia 60 walikuwa na pengo. Miezi 6 baada ya kujifungua walikuwa asilimia 45, na mwaka mmoja baada ya kujifungua asilimia 33. Kwa hiyo mama mwenye pengo wiki ya sita yuko kwenye kundi kubwa, na wengi pengo linapungua pole pole bila hirizi yoyote. Kinachohitaji macho ni lile linalobaki.

Hapa ndipo mkaja unapojizolea sifa zisizo zake. Mara baada ya kujifungua, mfuko wa uzazi unafika karibu na usawa wa kitovu. Unashuka takriban upana wa kidole kwa siku, na baada ya siku 10 hadi 14 umeshaingia ndani ya nyonga, hauguswi tena kwa juu. Unasinyaa kwa kazi ya homoni ya oksitosini, na mtoto anaponyonya homoni hiyo inazidi kutoka. Tumbo linapungua machoni pa watu wote, mkaja uko kiunoni, basi mkaja unashukuriwa.

Hatusemi mkaja utupwe. Katika siku za mwanzo, hasa kwa aliyepasuliwa, kitambaa kinachoshikilia tumbo kinapunguza maumivu anapoinuka au kukohoa. Tatizo ni unavyofungwa. Ukikazwa juu, kwenye mbavu, mama anashindwa kuvuta pumzi vizuri, na shinikizo la tumbo linasukumwa chini kwenye sakafu ya nyonga, misuli ambayo imetoka kutanuka kwa ajili ya mtoto. Mama anayevuja mkojo akicheka, au anayehisi kitu kizito kinashuka ukeni, hafai kukazwa namna hiyo. Anzeni kufunga kwenye mifupa ya nyonga, mpande, mkomee kitovuni au juu yake kidogo. Vidole viwili vipite chini ya kitambaa bila kulazimisha. Usiku ufunguliwe. Na maji ya moto yasikaribie kidonda cha upasuaji: joto halivuti msuli wala halisafishi mfuko wa uzazi, na mshono uliolowa na kubabuka ni mlango wa vijidudu.

Tukigusia upasuaji, wengi wanaamini wamekatwa misuli ya tumbo. Katika upasuaji wa kawaida wa uzazi, ule wa mkato wa kimlalo juu ya kinena, daktari anakata ngozi, mafuta na ala ya mbele ya rektasi. Rektasi zenyewe anazitenganisha katikati kwa vidole na kuzisogeza pembeni, kisha anafungua utando wa ndani ili aufikie mfuko wa uzazi. Kilichoshonwa na kinachohitaji muda ni ile ala, na wiki 6 baadaye imerudisha takriban nusu tu ya nguvu zake. Ndiyo maana mama anaambiwa asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wake katika kipindi hicho. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hapa mjini maji yakikatika ndoo hiyo inamsubiri. Mwenye nyumba, mume au shemeji, beba. Ikishindikana kabisa, madumu ya lita 5, moja moja, ukitoa pumzi unaponyanyua.

Kujipima ni kazi ya dakika moja. Mama alale chali sakafuni, magoti juu, nyayo chini. Aweke ncha za vidole vya mkono mmoja kwenye kitovu, vikielekea miguuni. Atoe pumzi huku akiinua kichwa na mabega kidogo, asiinuke akakaa. Atahisi kingo mbili ngumu za rektasi zikisogeleana. Ahesabu ni vidole vingapi vinaingia katikati, kisha arudie upana wa vidole vitatu juu ya kitovu, na tena chini yake. Pengo linalozidi sentimita 2, yaani kama vidole viwili vyembamba, ndilo linaloandikwa kwenye faili. Lakini upana si kila kitu. Vidole vikigonga utando uliokaza, hali ni nzuri hata kama pengo ni la vidole viwili na nusu. Vikizama kwenye ulaini, au katikati ya tumbo pakichomoza kigongo kirefu kuanzia kidarini hadi kitovuni, utando haujapata nguvu. Kipimo cha kabla ya wiki ya 6 kisimtishe mtu.

Mazoezi yanaanza na transvasi. Aliyejifungua kawaida anaweza kuanza siku ya pili kama hana maumivu. Aliyepasuliwa, akishatolewa mpira wa mkojo na taratibu zaidi. Lala vile vile. Weka vidole kwenye ile mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, kisha visogeze sentimita 2 ndani na chini kidogo. Vuta pumzi, mbavu zifunguke pembeni. Unapotoa pumzi, bana kama unayezuia mkojo na uvute tumbo la chini ndani polepole. Chini ya vidole utahisi pakikaza kama ngoma iliyowambwa kiasi. Pakisukuma vidole juu, obliki zimechukua kazi na umetumia nguvu nyingi mno, punguza. Shikilia sekunde 5 huku ukipumua, achia. Mara 10, kutwa mara tatu. Makosa makubwa ni kuzuia pumzi, kubana makalio, na kuvuta kitovu ndani ghafla hadi mbavu zinainuka.

Hilo likizoeleka, na tumbo likiwa limekazwa vivyo hivyo, telezesha kisigino kimoja sakafuni hadi mguu unyooke, urudishe, mara 10 kila mguu. Baadaye kuinua nyonga. Yale ya kulala na kuinuka, ambayo wengine wanayapiga marufuku moja kwa moja, sisi hatuyaoni kuwa sumu. Mtu anapoinua kichwa, rektasi zinasogeleana. Ubaya ni kuyafanya mapema, mamia kwa mamia, huku kigongo kimechomoza katikati na pumzi imezuiwa. Transvasi ikikazwa kwanza, pengo linaweza hata kupanuka kidogo kwa wakati ule, ila utando unanyooka na haukunjiki, na hicho ndicho kinachotakiwa. Kigongo kikitokea, zoezi hilo ni zito kwake kwa sasa. Arudi hatua moja nyuma. Kila siku, akitoka kitandani, ageuke kwanza ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono.

Jambo la watoto tulipitie kwa haraka, kwa sababu linaulizwa sana. Kitovu ni tundu la zamani kwenye linea alba hiyo hiyo. Ngiri ya kitovu kwa mtoto mchanga mara nyingi inajifunga yenyewe kabla ya kufikisha miaka 5. Kumfunga sarafu hakuliharakishi, na ngozi chini yake inachubuka.

Kwa mtu mzima ni tofauti. Pengo la rektasi lenyewe si ngiri, kwa kuwa utando umetanuka tu bila kutoboka. Uvimbe wa mviringo unaojitokeza sehemu moja, kitovuni au kwenye kovu, na kurudi ndani akilala, huo ni ngiri na unahitaji daktari wa upasuaji. Hakuna mzizi wa kunywa unaoziba tundu. Ukiwa mgumu, unauma, haurudi ndani, na mgonjwa anatapika, utumbo unaweza kuwa umenaswa na kukosa damu. Aende hospitali saa hiyo hiyo, asisubiri asubuhi.

Ombi letu kwa wanaosimamia kliniki za mama na mtoto jijini ni dogo. Mtoto analetwa wiki ya 6 kwa chanjo, na mama naye anatakiwa kuonwa siku ya 42. Mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, kadi inaandikwa. Tumbo la mama mara nyingi haliguswi. Kitanda kipo, muuguzi yupo. Amlaze, amwambie ainue kichwa, aweke vidole, aandike upana na kama utando ni mgumu au laini. Aulize kama mkojo unavuja. Mwenye pengo laini la vidole vitatu au zaidi apelekwe fiziotherapia, arudi kupimwa miezi sita baada ya kujifungua. Akifikisha mwaka bado hajapata nafuu, na hatarajii mimba nyingine karibuni, hapo ndipo mazungumzo ya kushonwa linea alba yanapokuwa na maana.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Temeke, Dar es Salaam