Picha mliyochapisha ni ya 1967, si ya 1930

Mhariri,

Makala yenu kuhusu chimbuko la tamthilia za televisheni ilidai kuwa wahakiki wa London waliubeza mchezo wa kwanza wa televisheni wa BBC, shirika la utangazaji la Uingereza, ikaweka na picha ya uso uliojaa michirizi kama ushahidi. Dai hilo lina walakini, na picha pia.

Mchezo huo, "Mtu Mwenye Ua Mdomoni" wa mwandishi Mwitalia Luigi Pirandello, ulirushwa moja kwa moja tarehe 14 Julai 1930 kutoka studio ya mvumbuzi wa televisheni John Logie Baird, mtaa wa Long Acre, London, na haukurekodiwa. Picha zinazozunguka leo ni za 1967, ulipoigizwa upya kwa mtambo wa mistari 30 (picha nzima ikichorwa kwa mistari 30 tu), mtayarishaji akiwa yule yule Lance Sieveking na michoro ya mandhari ile ile ya mchoraji C.R.W. Nevinson. Tunaomba maelezo ya picha yarekebishwe.

Tukija kwa wahakiki, kwanza tujue waliwekewa nini mbele ya macho. Studio ilikuwa giza. Mwanga ulipenya kwenye kisahani kinachozunguka chenye matundu 30, doa lake likampitia mwigizaji usoni mstari kwa mstari, picha 12 na nusu kwa sekunde, na seli za mwanga zikadaka kilichoakisiwa. Fremu ilikuwa nyembamba, imesimama wima, ikitosha kichwa na mabega ya mtu mmoja. Ukiegemea pembeni kidogo, umeshatoka. Ndiyo maana ulichaguliwa mchezo wa watu watatu usio na pilikapilika: mgonjwa anayesubiri kufa, abiria aliyekosa treni, na mke anayechungulia kwa mbali. Ili kubadili sura, ubao wa miraba ulisogezwa mbele ya mtambo, aliyekuwa kitini akapisha mwenzake, ubao ukaondolewa. Na mtazamaji asubiri.

Kwenye kipokezi cha nyumbani, kilichouzwa gini 25 (gini ni pauni moja na shilingi moja; si bei ya mlalahoi), picha ilikuwa nyekundu ya machungwa kwa sababu ya taa ya neoni, na ndogo kiasi cha kuhitaji lenzi. Kisahani cha huko nacho kilipaswa kuzunguka mara 750 kwa dakika, sambamba na cha studio. Mota ikilegea, uso unahama, na mwenye nyumba anabaki kuchezea kitufe huku mazungumzo yakimpita. Wageni waalikwa walitazama juu ya paa la Long Acre, kwenye skrini ya balbu 2,100, yaani mistari 30 yenye vitone 70 kila mmoja. Sauti ndiyo haikuwa na taabu: tangu Machi mwaka ule kituo cha kurushia matangazo cha Brookmans Park kilikuwa na mitambo miwili, mmoja wa sauti, mwingine wa picha. Kabla ya hapo sauti na picha zilipokezana.

Kwa hali hiyo, hukumu iliyoandikwa London ilikuwa ya kiungwana: wakati wa kuitazama televisheni kwa shauku umefika, wa kuihakiki michezo yake kama michezo bado. Kubeza kuko wapi hapo?

Tena walikuwa wapole mno. Uchache wa waigizaji uliifaa studio, lakini kiini cha mchezo hakikuifaa hata kidogo. "Ua" ni uvimbe wa saratani mdomoni. Mgonjwa anainua sharubu zake amwonyeshe abiria, na kila alilosema kabla ya hapo linageuka maana. Sasa piga hesabu: uso ukijaza theluthi mbili za fremu, umepata mistari 20. Uvimbe wa ukubwa wa harage unaangukia mstari mmoja, labda miwili, huku picha yenyewe ikipepesa. Aliyekuwa na kipokezi cha gini 25 alilazimika kuusikia ule uvimbe, sawasawa na jirani yake mwenye redio.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam