Dishi halileti laini: soma hapa kabla ya kuchangisha pesa za kijijini

Majuzi walipanda ngazi hadi dukani kwetu, hapa karibu na Luthuli Avenue, watu wanne wa chama cha wazaliwa wa kijiji kimoja cha Marsabit. Bahasha ya pesa walikuwa nayo na uamuzi walikuwa wameshaukata: nunua dishi la intaneti ya setilaiti, lipeleke nyumbani, kina mama waache kupanda kilima kila wakitaka kuzungumza na watoto wao walioko Nairobi. Tukawapa viti, tukawauliza jambo moja tu. Hao kina mama wanatumia simu gani?

Wakatazamana. Kabambe, zile simu ndogo za vibonye. Wote kabambe.

Bahasha ikarudi mfukoni. Tungeweza kuipokea na dishi lingefanya kazi vizuri kabisa, ila wale kina mama wangeendelea kupanda kilima kama kawaida, na baada ya miezi mitatu chama kingeanza kutafuta ni nani aliyekula pesa. Tunaandika haya kwa sababu ombi kama la wale wanne tunalipata karibu kila wiki, kutoka Turkana, Samburu, Tana River, hata Kitui.

Intaneti ni kitu kimoja na laini ya simu ni kitu kingine. Dishi linapokea intaneti kutoka angani, kebo inaishusha kwenye rauta, na rauta inaitawanya kwa Wi-Fi kuzunguka jengo. Mwenye simu ya skrini kubwa akikaa hapo atapiga simu ya WhatsApp, atatuma picha, mwalimu atapakua mitihani. Kabambe haina Wi-Fi. Yenyewe inaujua mnara peke yake. Simu ya kawaida, SMS, na ile *334# ya M-Pesa vyote hupita kwenye mnara, na hapo ndipo watu wengi hushtuka, kwa sababu kijijini mtu akilia kwamba hakuna netiweki, mara nyingi analilia M-Pesa. Programu ya M-Pesa kwenye simu kubwa inaweza kutumia Wi-Fi, sawa, lakini nyanya mwenye kabambe haimfai kitu. Kuna simu mpya zinazoweza kupiga simu ya kawaida kupitia Wi-Fi endapo kampuni ya laini inaruhusu. Mwenye nayo aifurahie, ila usijenge mradi wa kijiji kizima juu yake.

Basi tuliwafanyia nini wale wanne? Tuliwauliza habari za kilima chenyewe. Kiko umbali gani na maboma, na ukifika juu simu inaonyesha mistari mingapi? Kumbe ni mwendo wa dakika ishirini, mistari miwili, na mnara unaonekana usiku kwa taa yake nyekundu. Hiyo ni habari njema kuliko walivyodhani. Mnara wa 2G unaweza kuhudumia simu hadi kilomita 35 kama hakuna kilichoziba njia. Pale bondeni kilichoziba ni kile kilima chenyewe, na upande wa mashariki wa zahanati kinapungua. Tuliwashauri wasimamishe mlingoti wa mita tisa upande huo, juu yake antena ya yagi iliyoelekezwa kwenye mnara, na chini, ndani ya zahanati, simu ya mezani inayotumia laini ya SIM kama simu ya mkononi. Simu moja ya kijiji. Inapigiwa, inapiga, inapokea SMS. Gharama yake haifikii robo ya bahasha ile.

Mtu atauliza, mbona msiwauzie boosta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya netiweki? Kwa sababu boosta inarusha mawimbi, na chochote kinachorusha mawimbi kwenye masafa ya kampuni za simu kinahitaji idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano na ya kampuni yenyewe. Zile zinazouzwa kwa kunong'onezana huvuruga mnara kwa kila mtu mwingine anayeutumia. Hatuziweki dukani. Antena ya yagi ni chuma tu kinachosaidia simu kusikia na kusikika.

Pale ambapo hata kilimani hakuna mstari mmoja, hapo setilaiti ndiyo njia, na hapo dishi tunaliuza kwa moyo mweupe.

Kwa taarifa ya vijana, setilaiti si ugeni nchini. Kituo cha Longonot kilifunguliwa 1970, na mwaka huohuo, tarehe 12 Desemba, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Hadi nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ya kwenda nje ya nchi ilikuwa ikipanda angani na kushuka. Setilaiti za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, ndiyo maana sauti huchelewa zaidi ya nusu sekunde hadi ikurudie na watu wawili wanajikuta wanasema "halo" kwa pamoja. Zile za Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, zinazunguka kwenye kilomita kama 550. Mazungumzo yanakwenda bila kugongana. (Wateja wa Baringo bado hutuuliza zile baluni za Loon, za kusambaza intaneti kutoka angani, zilikwenda wapi. Zilianza kazi Julai 2020, na Januari 2021 kampuni ikatangaza kuufunga mradi. Ndiyo habari yote.)

Sasa umeme, maana hapa ndipo miradi mingi hufia. Dishi la kawaida linakula wati 75 hadi 100, lile dogo wati 25 hadi 40. Chukua dogo, wati 30, liwake saa 24: ni wati-saa 720 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 100 kwa karatasi ina wati-saa 1,200, lakini ukiishusha chini ya nusu kila usiku utainunua tena mwaka ujao, kwa hiyo hesabu 600. Haitoshi. Ama uweke mbili, ama uweke ya lithiamu, ama, kama tunavyopenda sisi, uweke saa ya kuzima dishi saa nne usiku na kuliwasha saa kumi na mbili asubuhi. Saa 16 kwa wati 30 ni 480. Sola ya wati 200 kwenye jua la kaskazini inarudisha hizo na kubakiza, hata siku ya mawingu haikuumbui sana. Tunakuomba jambo moja: betri ya dishi isichajie simu za kijiji. Wekeni sola nyingine ndogo ya kuchaji. Tumeona betri mpya ikifa kwa sababu ya simu arobaini zilizopangwa sakafuni kila usiku, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumnyima jirani.

Kisha upepo. Walioona ile mitambo 365 ya umeme wa upepo upande wa Loiyangalani wanajua kwamba haikupelekwa kule kwa bahati. Dishi lililofungwa kwa skrubu mbili kwenye bati litaondoka na bati. Tunalifunga kwenye bomba la chuma lililochimbiwa na kumiminiwa zege, juu ya miti, kwa sababu linataka kuona anga pana. Mgunga mmoja upande mbaya unatosha kukata simu kila baada ya dakika chache, nanyi mtalaumu kampuni. Kebo tunaipitisha ndani ya paipu na kuifukia. Sababu ni mbuzi. Hakuna mkataba wa huduma unaogharamia mbuzi.

Ada ya mwezi nayo ijadiliwe kabla ya dishi kupanda gari. Kifurushi cha kawaida cha Starlink kiliwahi kuwa shilingi 6,500 kwa mwezi. Bei na vifurushi vimebadilika tangu hapo, uliza za siku unayonunua. Lakini tuseme ni hizo 6,500 na mnauza vocha za Wi-Fi za shilingi 20. Mtahitaji vocha 325, yaani kama kumi na moja kila siku, Jumapili ikiwemo, hata msimu wa mifugo kuhamia malisho ya mbali. Kijiji cha shule na soko kitaweza. Cha maboma kumi na tano hakitaweza, na ni afadhali chama cha Nairobi kikubali kulipa tangu mwanzo kuliko kujifanya vocha zitalipa. Tena kifurushi cha nyumbani hakiruhusu kuuza vocha, na kuuzia umma intaneti kunataka leseni. Mamlaka ya Mawasiliano ina leseni maalum kwa mitandao inayoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Tutakusaidia kujaza fomu.

Ukija dukani, basi, usije na pesa kwanza. Njoo na picha ya jengo ikionyesha miti iliyolizunguka, na idadi ya simu kubwa na kabambe zilizopo, hata ya kukisia. Na umpigie mtu aliyeko kule apande kilima jioni, ahesabu mistari, atazame kama kuna taa nyekundu na iko upande gani. Wale wanne walimtuma kijana mmoja. Alituma jibu kwa SMS akiwa bado juu, kwa sababu akishuka hangeweza.