Mfano wa gobore usipakwe vanishi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie walimu, mafundi seremala na watu wa makumbusho wa Iringa, Njombe na Mbeya wanaotengeneza mifano ya bunduki za kale kwa ajili ya maonyesho na maigizo ya shule. Mifano ninayoiona imechongwa kwa mti wa paini, ikapakwa vanishi ya kung'aa, na mtutu ni bomba la maji lililopuliziwa rangi nyeusi ya kopo. Mtoto akiishika anaona kiti kipya cha sebuleni. Bunduki yenyewe haioni.

Mkoa wa Iringa una sababu ya kulifanya jambo hili vizuri. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliangamiza msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Makumbusho ya Kalenga na yale ya Boma mjini Iringa yapo kwa ajili ya historia hiyo. Anayetengeneza mfano aanze kwa kujua anatengeneza bunduki gani. Askari wa Zelewski hawakubeba magobore. Walibeba Mauser ya mwaka 1871, inayopakiwa risasi moja moja kwa nyuma, na risasi yake ya milimita 11 ilisukumwa na baruti nyeusi. Gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa kwa mdeki, ile fimbo ndefu, kupitia mdomoni, lilikuja na wafanyabiashara wa pwani: kwanza la gumegume, jiwe la kutoa cheche, kisha la fataki, kile kikofia kidogo kinacholipuka kikipigwa na nyundo. Mwalimu akimpa mwigizaji wa askari wa Kijerumani gobore, somo limeharibika kabla ya mstari wa kwanza.

Italia na Marekani kuna kampuni, Pedersoli ikiwa mojawapo, zinazouza gobore likiwa vipande ndani ya sanduku: tako, yaani mbao yote ya bunduki, lililochongwa na mashine hadi karibu na umbo lake, mtutu uliokwisha kutobolewa, mtambo wa kufyatulia, vipande vya shaba, mdeki na skrubu. Mnunuzi analainisha, anaunganisha na kumalizia. Marekani sheria yao ya mwaka 1968 huziweka bunduki za namna hii nje ya masharti mengi ya serikali kuu. Kwetu sivyo. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, gobore ni bunduki kama bunduki nyingine, na kulimiliki kunahitaji leseni. Kwa hiyo asidanganyike mtu kuagiza sanduku hilo kama anavyoagiza saa ya ukutani. Tunachoweza kuchukua kwao ni mbinu ya umaliziaji, kisha tukaitumia kwenye mfano usioweza kufyatua kitu.

Mtutu uwe chuma kizima, shafti isiyo na tundu. Ninasisitiza hapa kwa sababu bomba ndilo kosa kubwa kuliko yote. Bomba ni jepesi, mdomo wake ni mwembamba kiasi kwamba hata mtoto anaujua, na mbele ya polisi ni gobore lililobakiza kazi ndogo tu. Mpelekee fundi wa kukereza shafti ya sentimita 105, aipunguze pole pole kutoka milimita 26 upande wa nyuma hadi milimita 18 mdomoni. Itabaki na uzito wa takriban kilo 3.2, na gobore zima litazidi kilo 4, jambo ambalo mkono wa mwanafunzi utalielewa mara moja. Mdomoni achimbe kishimo cha kina cha milimita 15 tu ili kivuli kionekane. Pasiwe na tundu lingine lolote. Kifa, pale fataki ilipokaa, kiwe kipande kizima kilichochomelewa juu. Nyundo na kifyatulio vikazwe visisogee, na ndani ya mtambo pasiwekwe springi. Bamba la mtambo linatosha kukatwa kwenye chuma bapa cha milimita 3. Na kabla hata ya kununua shafti, mkuu wa shule au msimamizi wa makumbusho aandike barua kwa mkuu wa polisi wa wilaya, aeleze kinachotengenezwa na kitakakohifadhiwa.

Mti ni mninga. Mkongo unafaa pia, ila ni mgumu kwa patasi. Paini ya Sao Hill ni mti mzuri wa kenchi, lakini kwa tako ni laini, una utomvu, na hunywa mafuta kwa madoa, hapa pameiva, pale pamebaki peupe. Tafuta ubao wa mninga wenye urefu wa sentimita 150, upana wa 16 na unene wa 5, nyuzi zake zikipita sambamba na shingo ya tako, maana pale ndipo tako huvunjika. Ubao wa unene huo ukianikwa kivulini huhitaji kama miaka miwili kukauka. Muuzaji akikuambia umekauka, upime kwenye mizani kila wiki: ukiendelea kupungua uzito, bado. Ukiuchonga mbichi mwezi Februari, kufika Agosti mtutu utakuwa unacheza ndani ya mfereji wake na bamba la mtambo litakuwa limeinuka juu ya mbao. Unaposugua mninga funika pua na mdomo kwa kitambaa kizito, kwani vumbi lake huwasha kifua.

Kulaza chuma ndani ya mbao ndiyo kazi inayotenganisha fundi na mchongaji wa haraka. Washa kibatari, kusanya masizi kwenye bati, changanya na matone ya mafuta yawe uji mzito, paka chini ya mtutu kwa brashi, ulaze mahali pake, gonga kidogo kwa nyundo ya mti, kisha uinue. Panapobaki alama nyeusi ndipo mbao inapogusa, toa hapo peke yake kwa patasi ya mviringo au kikwaruzio. Rudia. Mtutu mmoja unaweza kuinuliwa na kulazwa mara 60 kabla alama hazijatawanyika sawasawa kutoka nyuma hadi mdomoni. Anayechoka mara ya kumi huchimba mfereji mpana ili amalize, na mwanya anaouacha hauzibiki. Gundi na unga wa mbao hukauka na rangi yake, na kila mtu atauona.

Mtutu hushikwa na pini tatu za chuma zinazopita kwenye vishikizo vidogo vilivyochomelewa chini yake. Matundu ya vishikizo yasiwe duara. Yavute kwa tupa ndogo yawe marefu kwa milimita 2 kila upande. Mbao hujaa na kusinyaa kati ya mvua za Januari na ukavu wa Septemba, chuma hakifuati mwendo huo, na pini isiyo na nafasi huipasua mbao ya mbele, ambayo ni nyembamba kama kidole.

Vipande vya shaba ya njano, hasa kile cha kisigino cha tako, vilazwe vikiwa vikubwa kidogo, kisha shaba na mbao zisawazishwe pamoja kwa tupa mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Futa vumbi la shaba kila mara. Likiingia kwenye vinyweleo vya mninga halitoki.

Msasa uanze namba 120, kisha 180, kisha 220, siku zote ukiwa umezungushiwa kipande cha mbao. Vidole vitupu hulamba kingo, na kingo za gobore zuri, kuzunguka mtambo na chini ya shavu la tako, ni kali. Baada ya 220 futa tako zima kwa kitambaa chenye maji, liache likauke, utakuta limeota vinyweleo. Vikate kwa msasa huohuo uliochakaa. Fanya hivyo mara tatu, hadi maji yasiinue kitu. Ukiiruka hatua hii, vinyweleo vitaota ndani ya mafuta na tako litakuwa na magamba kama ndizi iliyomenywa vibaya.

Sasa vanishi. Vanishi huganda juu ya mti kama kioo, ikigongwa inapasuka kwa mabaka meupe, na haitengenezeki bila kukwangua yote. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa huingia ndani ya mti, na mkwaruzo hufutwa kwa tone moja la mafuta hayohayo. Mkono wa kwanza changanya mafuta na tapentaini nusu kwa nusu, paka, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu. Mikono inayofuata paka mafuta matupu, machache kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa tako zima, usugue kwa kiganja mpaka kiganja kipate joto. Kati ya mkono na mkono ziwe saa 24. Makete au Mbeya mwezi Juni na Julai, kwa baridi ile, zifanye siku mbili au tatu. Mikono sita hadi minane inatosha. Kosa la kawaida ni kupaka mafuta mengi ili kuwahi: hufanya ngozi juu huku chini yakibaki gundi, na dawa pekee ni kuyakwangua kwa tapentaini. Mafuta ya alizeti yasitumike badala ya kitani, maana hayakauki kikamilifu, hunata na kukusanya vumbi. Oili chafu ya gari haikauki kabisa na hulainisha mbao.

Vitambaa vya mafuta ya kitani ni hatari ya moto. Vikikunjwa na kutupwa kwenye kona hujipasha vyenyewe mpaka vikawaka, na karakana imejaa vumbi la mbao. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Mwisho paka nta ya nyuki, ambayo huku kwetu haihitaji kutafutwa mbali: sehemu moja ya nta kwa sehemu mbili za tapentaini. Yeyusha nta kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji ya moto, ondoa motoni kabisa, upeleke mbali na moto, ndipo umimine tapentaini.

Chuma nacho kisipuliziwe rangi. Mitutu mingi ya kale ilikuwa ya kahawia, na kahawia hiyo ni kutu iliyolelewa. Lainisha mtutu kwa tupa ya kuvuta, kisha msasa wa 220, usiende mbali zaidi, kwa kuwa kutu haishiki juu ya kioo. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, na tangu hapo usiuguse kwa mkono mtupu. Alama ya kidole itabaki hadi mwisho. Paka siki yenye chembe chache za chumvi kwa kitambaa kilichokamuliwa, mara moja, bila kurudia mahali ulipokwisha kupita. Ning'iniza mtutu ndani ya pipa lililofunikwa, chini pakiwa na beseni la maji ya moto. Mufindi wakati wa ukungu pipa halihitajiki, lakini Iringa mjini mwezi Septemba kutu haitaota sawasawa bila hilo. Baada ya saa sita hadi nane utakuta unga mwekundu. Usugue kwa stilwaya laini iliyooshwa kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha upake tena. Mizunguko sita kwa kawaida hutoa kahawia nzito. Anayetaka weusi auchemshe mtutu dakika 20 katika maji ya mvua baada ya kila mzunguko, kabla ya kusugua, na kutu nyekundu itageuka nyeusi. Maji ya bomba yenye chokaa huacha madoa.

Rangi ikifika, kutu lazima izuiwe. Magadi vijiko viwili ndani ya lita tano za maji ya moto, mwagia mtutu wote, suuza, kausha juani, paka mafuta ungali wa moto. Hata hivyo utaendelea kutoa kutu kwa siku kadhaa. Ufute na kuupaka mafuta kila siku kwa wiki nzima kabla haujalazwa kwenye mbao. Wengi hawalijui hilo, huufunga mapema, na baada ya mwezi mfereji wa mninga unakuwa na mistari myeusi isiyotoka.

Yote niliyoeleza ni ya mfano mpya. Gobore halisi la babu, likipatikana darini, lisiguswe kwa msasa wala siki, kwa sababu kutu yake na mafuta ya mikono iliyolishika ndivyo vinavyolipa thamani. Na lichukuliwe kuwa limeshindiliwa mpaka ithibitike vinginevyo: baruti nyeusi ikikaa pakavu hudumu miongo mingi. Lisipashwe moto, lisichomelewe, lisifyatuliwe kwa kujaribu. Waitwe polisi walitazame pale lilipo, kisha makumbusho.

Mfano nao, upande wa chini wa mtutu unaofichwa na mbao, ugongwe kwa herufi za chuma mwaka uliotengenezwa, jina la karakana na neno MFANO, ili miaka 80 ijayo atakayeufungua asiuandike kwenye daftari la makumbusho kuwa umetoka Lugalo.

Fundi seremala na mpenda historia,
Iringa