Ruzuku ya miche isisahau palizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu ruzuku za serikali za kurudisha uoto kwenye ardhi iliyochakaa na kupunguza hatari ya moto wa nyika. Ruzuku zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni namna zinavyopimwa: imepandwa miche mingapi, zimefyekwa hekta ngapi, picha zipigwe, taarifa ipelekwe, faili lifungwe.

Kikundi chetu kilipata ruzuku ya aina hiyo, ya miaka miwili. Mwaka wa kwanza tulipanda. Wa pili tulihesabu miche iliyoshika, tukapongezwa. Wa tatu hapakuwa na hata senti ya palizi. Nyasi zikaota hadi zikaifunika miche, kiangazi kikazikausha, na cheche ambayo hadi leo hatujui imetoka wapi ikamaliza kazi yote alasiri moja. Baada ya hapo tuliulizwa kama tungependa kuomba tena ruzuku ya kupanda!

Anayedhani haya ni masihara ya kikundi kidogo aangalie Lahaina, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, ulikotokea moto wa Agosti 2023 ulioua watu wapatao 100. Kiwanda cha sukari cha mji huo kilifungwa mwaka 1999, na mashamba ya miwa yaliyouzunguka yakaachwa bila matunzo. Nyasi za kigeni zikayatwaa. Mojawapo ya nyasi zilizoenea Hawaii ni ile iitwayo nyasi ya gini (guinea grass), ambayo asili yake ni Afrika na ilipelekwa huko kulisha mifugo. Kwao ina wanyama wengi wa kuila, ugenini ikakosa wa kuipunguza. Siku upepo mkali ulipovuma na nyaya za umeme kukatika, kuni zilikuwa zimeshaandaliwa kwa zaidi ya miaka 20.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba zaidi ya nusu ya fedha za moto wa nyika huishia kwenye kuuzima, huku mipango ikiambulia chini ya asilimia moja. Likashauri theluthi mbili ziende kwenye mipango, kinga, maandalizi na kurudisha ardhi baada ya moto. Nakubaliana nalo, ila naongeza: hata hizo za kinga, zikitolewa kwa mkupuo mmoja na kukoma, tutarudi palepale. Nyasi haziangalii mwaka wa fedha.

Mfano ninaoupenda unatoka kaskazini mwa Australia, Arnhem Land. Wenyeji wa asili wa huko huchoma nyasi mapema kiangazi kinapoanza, moto mdogo wa kutambaa, vipande vipande, ili moto mkubwa wa mwishoni mwa kiangazi usipate cha kula. Mwaka 2006 waliingia mkataba wa kulipwa kila mwaka kwa kazi hiyo, kwa kuwa inapunguza hewa chafu inayopaa angani. Mkataba wa miaka 17. Sisi tulipewa miwili.

Kwa hiyo naomba wanaopanga ruzuku hizi watenge sehemu ya fedha na kuitoa kidogo kidogo hadi mwaka wa kumi, kwa palizi, kupogoa matawi ya chini, kuondoa matawi yaliyofyekwa badala ya kuyaacha malundo shambani, kusafisha barabara za kuzuia moto, na kuchoma mapema kwa kibali. Mti uhesabiwe ukiwa na miaka mitano, si siku ya kupigwa picha. Na ule utaratibu wa "tumia fedha zako kwanza, utarudishiwa baadaye" uangaliwe upya, maana unawafaa wenye akiba tu. Mwenye kipande kidogo kando ya msitu hana cha kutanguliza, na mara nyingi moto hupitia kwake kwanza.

Dirisha la maombi likifunguliwa, tutaomba tena. Safari hii tumeweka palizi kwenye bajeti ya kila mwaka hadi wa kumi. Wakiifuta, nitakuandikia tena, Mhariri.

Msomaji wako