Barua kwa Baraka: vifaa vya kupandia miamba unavyoweza kujitengenezea

Rafiki yangu Baraka,

Salaam nyingi. Barua yako nimeipata: unataka kupanda ukuta wa mwamba kwa kuning'inia kwenye vifaa, hatua baada ya hatua, na vifaa vyenyewe uvitengeneze nyumbani. Si jambo geni. John Salathé, ambaye kazi yake ilikuwa uhunzi, alijifulia misumari ya chuma kigumu ya kupigilia kwenye nyufa za granaiti ya Yosemite, bonde la miamba huko Marekani, katika miaka ya 1940, maana misumari laini ya wakati ule ilikuwa inapinda. Warren Harding na wenzake walipoanza njia ya The Nose kwenye El Capitan, ukuta mkubwa wa hukohuko Yosemite, mwaka 1957, nyufa pana walizipigilia miguu ya majiko ya zamani, na mpaka leo sehemu ile inaitwa Stoveleg Cracks.

Ila kabla hujashika mkasi, gawa vitu mafungu mawili. Kuna vinavyobeba uzito wako ukiwa umetulia: ngazi za utepe, vitundikio vya riveti (vitanzi vya kebo vinavyovikwa kwenye vijiti vifupi vya chuma vilivyopigiliwa mwambani), kulabu za kushika kingo za mwamba, mifuko ya nyundo. Na kuna vinavyokudaka ukianguka: kamba, hanesi (mkanda wa kiunoni na mapajani), karabina (pete ya chuma yenye mlango), tepe za kujifungia kituoni. Hivi vya pili nunua, tusibishane. Mtu wa kilo 80 akining'inia tu huvuta karibu kilonewton (kipimo cha nguvu) 0.8. Akijirusharusha kukijaribu kifaa, nguvu hiyo huzidi maradufu. Akianguka, kifaa cha juu kinaweza kuvutwa kilonewton tano na kupita, na hapo si mahali pa kupima ushonaji wako.

Anza na ngazi. Tafuta utepe wa nailoni wa mviringo, ule ulio wazi ndani kama bomba, upana milimita 25. Usichukue utepe wa Dyneema, ule wa nyuzi za plastiki imara sana, kwa kazi ya mafundo: inateleza, fundo linajifungua lenyewe, tena huyeyuka kwenye nyuzijoto 145 hivi wakati nailoni hustahimili hadi zaidi ya 200. Kwa ngazi moja ya hatua nne kata mita 6 na uziunguze ncha kwa moto mdogo ili zisifumuke. Utabakiwa na kipande, si hasara. Mafundo hula utepe kuliko unavyodhani.

Kunja ncha moja irudi nyuma ipate kitanzi cha sentimita 10, ingiza ncha ya pili katikati ya mkunjo huo, kisha funga matabaka yote matatu kwa fundo la kawaida. Hilo linaitwa fundo la Frost: linaunganisha ncha mbili na papo hapo linakupa kitanzi cha kutia karabina. Acha mikia isiyopungua sentimita 8. Laza matabaka bila kuyapishanisha, halafu likaze kwa uzito wa mwili wako. Kukaza kwa mkono hakutoshi.

Sasa una kitanzi kirefu. Kishike pande zote mbili na funga fundo la kawaida kila baada ya sentimita 35 hadi 40, mafundo matatu. Hapa ndipo wengi huharibu: wanafanya pande mbili ziwe sawa. Zikiwa sawa, hatua hujifunga kama mdomo na mguu hauingii, nawe uko juu umechoka. Upande mmoja uwe mrefu kuliko mwenzake kwa sentimita 5 katika kila hatua, na upande huo mrefu ukae upande uleule toka juu hadi chini. Ukitaka hatua isimame wazi zaidi, penyeza ukanda mwembamba wa plastiki ngumu ndani ya utepe kabla ya kufunga. Tengeneza ngazi mbili, kila moja rangi yake, usije ukachanganya ipi ya mguu upi.

Mafundo huumiza unyayo, kwa hiyo utatamani kushona. Shona, lakini kwa uzi wa nailoni au poliesta, kamwe si pamba. Cherehani nyingi za nyumbani zinauweza uzi wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi) na sindano namba 110. Ukilazimisha Tex 135, uzi wa chini utaanza kufanya vitanzi na mashine itaruka mishono. Kila kiungo kipate mistari mitatu minene ya zigizaga, kila mstari mishono 40 au zaidi, na uzi uwe wa rangi tofauti na utepe ili uzi uliokatika uonekane upesi. Mshono ukionekana umelegea upande wa chini, fumua wote. Kushona juu yake hakuuponyi, kunatoboa utepe tu.

Utepe wenye vitanzi vingi, ule wa kujifungia kutoka kwenye hanesi hadi kwenye kifaa, ni suala jingine. Usiushone. Vile vitanzi vya katikati, hata vya kiwandani, kwa kawaida hubeba kilonewton 2 au 3 tu, na karabina moja ikipitishwa kwenye vitanzi viwili jirani, mshono ukifumuka unabaki umeshikwa na hewa.

Vitundikio vya riveti ndivyo vyenye faida kuliko vyote, kwa kuwa ukuta mmoja unaweza kukudai vingi. Kebo ya chuma ya milimita 2.4 hupita vizuri nyuma ya kichwa cha riveti na hukatika kwenye kilonewton 4 hivi. Ya milimita 3.2, yenye nyuzi 7 za nyaya 19 kila uzi, hufikia karibu 9. Kata sentimita 40 kwa mkasi wa kebo. Plaizi ya kawaida huacha ncha iliyochanuka ambayo haitapenya popote. Pishanisha ncha kwa sentimita 5 na uzibane kwa vipete (vibomba vifupi vya kubania kebo) viwili vya shaba vinavyofuatana. Kipete kimoja hakitoshi pale ncha zinapopishana. Kabla ya kubana, vika kipete kikubwa kidogo ambacho hutakibana: hicho kitateleza juu ya nyaya zote mbili na kukaza kitanzi kwenye riveti.

Koleo la kubania lazima liwe la saizi ya kipete. Kwa kebo ya 3.2 bana mara tatu, ukianza katikati na kumalizia pembeni, na ncha ya kebo ibaki imechomoza milimita moja au mbili, kwa sababu kipete hurefuka kinapobanwa. Pima kila kimoja kwa kipimo kinachokuja na koleo. Anayegongea kipete kwa nyundo anakipata bapa na kizuri kwa macho, halafu kebo inachomoka ndani yake kimyakimya. Na kipete cha alumini usikichanganye na kebo ya chuma kisichoshika kutu. Vikipata unyevu, alumini inalika.

Kulabu usijaribu kuifua. Chuma kikipozwa vibaya huvunjika kama kigae. Nunua, kisha uirekebishe: kwa mashimo madogo yaliyotobolewa, ncha iwe kali, kwa kingo bapa iache pana. Tumia tupa kwa mkono na jiliwa. Ukishika mashine ya kusaga, chovya majini kila baada ya sekunde chache. Ncha ikigeuka bluu imelainika na itajikunjua ukiwa juu yake. Utepe wa kulabu utoke upande unaogusa mwamba, la sivyo kulabu inajing'oa kila ukibadilisha mguu.

Kisha jaribu. Tundika kifaa kwenye boriti, sentimita 30 kutoka chini, simama, halafu jirushe. Katika kila fungu la vitundikio, toa kimoja ukivute mpaka kikatike kwa winchi ya mkono na mizani ya kuning'iniza, ukiwa umevaa miwani ya kinga na umesimama pembeni, si kwenye mstari wa kebo. Tazama kimekatikia wapi. Kebo ikikatika yenyewe, kazi ni nzuri. Ikichomoka kwenye kipete, tupa fungu zima, hata vile vinavyopendeza.

Mikia ya fundo la Frost iangalie kila unapotoa ngazi kwenye mfuko, maana husogea polepole. Ukimaliza ngazi ya kwanza nipigie picha ya fundo la juu kwa karibu, pande zote mbili, kabla hujalipandia.

Wako,
Shabani